Mama Mkwe na Matumbo ya Mashine

Kama kuna kazi ngumu kuliko kufundishwa na mama mkwe wako, mimi sijaisikia, na anayeijua anitafute tubishane. Huwezi kumkatiza. Huwezi kupiga miayo. Kubwa zaidi, huwezi kumwambia hujaelewa, maana ukisema hujaelewa ni kama umesema hajui kufundisha, na ukishasema hivyo jioni utarudi kula wapi? Binti yake ndiye mwenye jiko.

Kazini wananiita Kiberiti. Sababu yake mtaijua wenyewe, sina haja ya kujieleza. Nahudumia mashine kuu ya shirika la maji, ile kompyuta kubwa ya makabati meusi inayokaa ghorofa ya chini kwenye chumba chenye baridi ya kuvalia sweta mwaka mzima. Ndiyo inayokokotoa na kuchapa ankara za maji za mji mzima. Kuihudumia maana yake naiwasha, naitazama, nabadilisha kanda zake, na ikiuliza swali kwenye skrini naijibu. Lakini matumbo yake, yaani mfumo endeshi wenyewe, jinsi unavyopanga nani afanye kazi na nani angoje, hayo yalikuwa ya Bi Mkubwa peke yake.

Shirika zima linamwita Bi Mkubwa. Mimi namwita mama, kwa kuwa nimemwoa binti yake. Kuna midomo humu ofisini inayosema nilimfuata binti ili niipate mashine. Waongo wakubwa! Nilimwona yule mwanamke saluni kwake akimgombeza mteja huku kitana kimemning'inia kwenye nywele, nikajua hapa nimepata wa kufanana na mimi. Mama yake ni nani, nilikuja kujua baadaye, na siku niliyojua nusura nitoroke.

Sasa tuje kwenye macho. Bi Mkubwa alikuwa na mtoto wa jicho, huku na huku. Daktari alimweleza mbele yetu sote bila kuzunguka: amekomaa, sasa anapandisha presha ndani ya jicho, na presha ikiendelea kupanda itaua mshipa. Mshipa ukishakufa, hata wakifanya nini hataona tena. Mke wangu alianza kulia palepale kwenye kiti. Bi Mkubwa akamwuliza daktari kama amemaliza, akachukua mkoba wake.

"Nitafanyiwa," alisema tulipofika nje, "mkwe akishaijua mashine."

"Mama, macho yako na mashine wapi na wapi?" mke wangu aliuliza.

"Nikiwa nimelala na mabandeji, ikianguka, nani ataiinua? Huyu?" Akanionyesha kwa kidevu. "Huyu bado. Akishajua, siku ya pili yake mnipeleke."

Tulimbembeleza. Tulimtumia dada yake, tukamtumia na jirani anayemheshimu. Wapi! Mtu amefanya kazi kwenye chumba kile tangu mke wangu yuko tumboni, na hakuna mwingine hata mmoja aliyebaki anayekijua kiini cha mfumo. Wenzake walihama, wengine wamestaafu, vijana wanataka kompyuta za kubeba begani. Basi usiku ule mke wangu alinigeukia akanitazama kama ananiona leo.

"Umesikia mwenyewe," alisema. "Macho ya mama yangu yamo ndani ya kichwa chako. Usije ukaniangusha."

Nikaitikia. Ningefanya nini?

Tukaanza. Kila siku baada ya chakula cha mchana, mimi na Bi Mkubwa kwenye meza ndefu ya chumba cha mashine, na katikati yetu dampu. Dampu ni rundo la karatasi ambalo mashine hulitapika ikianguka: kumbukumbu yake yote ilivyokuwa dakika ile, namba na herufi zimejaa ukurasa hadi ukurasa, hakuna neno hata moja la binadamu. Mtu asiyejua atadhani paka alitembea juu ya kibodi. Bi Mkubwa alikuwa akilisoma kama mtu anavyosoma barua kutoka kwa mdogo wake, mara anacheka, mara anaguna, mara anasema, "Ona huyu mjinga alivyokwenda kujikwaa."

"Kumbukumbu ni mtaa, baba," alinieleza siku ya kwanza. Ananiita baba, kwa heshima. "Mtaa mrefu, kila nyumba ina namba. Hujui mtu yeyote mtaani. Lakini kuna nyumba moja ambayo haihami kamwe, namba kumi na sita. Bisha hodi pale. Ndani utakuta anwani ya jedwali kuu la mfumo. Jedwali kuu linajua wapi ilipo orodha ya kazi zote. Orodha itakupeleka kwa kila kazi, na kila kazi inamjua mama yake, binti zake na ndugu zake."

Msinicheke, ndivyo vilivyo hata kwenye vitabu vyake: kazi inayozaa nyingine huitwa mama, inayozaliwa ni binti, na mabinti wa mama mmoja ni dada. Nilipenda sana. Nilijiambia, kumbe mashine nayo ina ukoo, hii nitaiweza.

Niliiweza hewani, kwa maneno tu. Kwenye karatasi nilikuwa natoka kapa kila siku. Bi Mkubwa ataweka kidole na kusema, "Hii hapa anwani ya jedwali kuu, umeiona?" Nami naangalia chini ya kidole, naifuata ile anwani, inanipeleka kwenye upuuzi mtupu, masifuri yamejipanga kama watoto wa shule. Naitikia, "Nimeiona, mama." Anaendelea: "Na hii ndiyo kazi mama, na huyu hapa binti yake." Kidole kinatua. Natazama. Simwoni mama, simwoni binti, naona takataka. "Ndiyo, mama." Jasho linanitoka kwenye chumba cha baridi.

Jumapili nilikuwa nabeba dampu nyumbani, natandaza kwenye meza ya kulia chakula, najaribu peke yangu. Ajabu ni kwamba peke yangu mambo yalionekana kunyooka. Nabisha hodi kumi na sita, nakwenda hatua baada ya hatua, nakuta kitu kinachofanana kabisa na jedwali kuu. Lakini hakikuwa pale alipopaonyesha Bi Mkubwa kwa kidole chake mwenyewe. Kati yangu na yeye nani anajua? Nafuta nilichoandika. Naanza upya, naharibu.

"Unaelewa lakini?" mke wangu anauliza, anamenya viazi huku jicho moja liko kwangu.

"Naelewa."

"Mbona umeng'ata kalamu mpaka imepasuka?"

"Ndivyo wanavyoelewa wataalamu," nikamjibu, na mwiko ukanikosa kidogo tu.

Ndani yangu lakini nilikuwa nimevunjika. Nilianza kuamini mimi ni bomu. Mtu mzima, kazi nimeifanya miaka, nafundishwa taratibu na mwanamke mvumilivu kuliko wote, na siambulii kitu. Na kila siku ninayopoteza ni siku ya macho yake. Nilikuwa nikimwona anapapasa ngazi kwa kiatu kabla ya kushuka, roho inaniuma, halafu naketi mezani nasema "ndiyo, mama" kama kasuku.

Siku yenyewe ilipofika, nilikuwa nimeamka vibaya. Printa ilikwama asubuhi, mfanyakazi mwenzetu wa printa, mtu tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, alikuwa amenipigia soga masikioni tangu saa za kuingia kazini. Nikaketi mezani kichwa kinagonga. Bi Mkubwa akafungua dampu, akapekua, akaweka kidole kwa madaha.

"Hapa sasa, baba, ndipo penye utamu wote. Hii namba hapa inasema kazi ilikuwa inasubiri nini ilipokufa. Tazama vizuri. Umeiona?"

Nikatazama. Nikainama nikatazama tena. Kitu kikakatika kichwani.

"Mama!" nilipaza sauti mpaka Redio akazima mdomo. "Mama, hilo ni doa la chai!"

Mashine inanguruma peke yake. Mimi mwenyewe nilitaka ardhi ipasuke initie ndani. Nimemfokea mama mkwe! Mbele ya Redio! Kufikia jioni mji mzima utajua, na kabla ya mji atajua mke wangu.

Bi Mkubwa hakuondoa kidole. Akauliza polepole, "Doa la chai?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe, mama. La duara."

"Na namba iko wapi?"

"Mstari wa chini yake. Upande wa kulia."

"Isome."

Nikaisoma. Akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo yenyewe," alisema. "Na jana, nilipokuonyesha jedwali kuu?"

"Kidole kilikuwa... kilikuwa pembeni kidogo, mama. Juu kidogo."

"Na juzi?"

Akavua miwani, akaiweka mezani, na macho yake bila miwani yalikuwa na ukungu kama kioo cha bafu. Ndipo nilipoelewa. Hakuwa akisoma kitu. Madampu yale alikuwa ameyapitia zamani, ameyahifadhi kichwani ukurasa kwa ukurasa, na kidole alikuwa akikiweka kwa kukadiria tu. Alikuwa haoni hata mstari mmoja.

"Kwa hiyo, baba," alisema, "siku zote hizi ulikuwa unaitikia nini?"

"Adabu, mama."

Mdomo wake ukaanza kucheza. Nikadhani analia. Kumbe ni kicheko kinatafuta njia! Alicheka akajishika mbavu, akapiga meza, akacheka mpaka machozi, na mimi nilipoona hivyo nikashindwa kujizuia, tukacheka wote wawili kama wehu huku Redio amesimama mlangoni haelewi aende akatangaze nini.

Alipotulia, alijifuta uso kwa kanga ya mabegani na akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Niliogopa mkijua siioni tena karatasi mtanivuta hospitali kwa nguvu, na wewe bado hujajua. Nikajikaza. Nimekupotezea wakati, mwanangu."

"Mimi nimejipotezea mwenyewe," nilisema, na nilikuwa namaanisha. "Nilikuwa napata jibu sawa nyumbani, nalifuta."

"Ulikuwa unalifuta!" Akapiga paji la uso. "Loh! Mungu aniepushe na wakwe wenye heshima."

Mke wangu aliposikia, sitawaficha, tulikiona. Alitusimamisha sebuleni wote wawili kama watoto waliovunja sahani. Mama yake akijaribu kusema neno, "Nyamaza, mama, kipofu mzima unajifanya unasoma!" Mimi nikijaribu kucheka, "Na wewe! Mtu anakuonyesha chai unasema ndiyo! Mtaniua kwa heshima zenu!" Kesho yake akaenda hospitali bila kumwuliza mtu akamwekea mama yake nafasi kwa daktari bingwa wa macho, yule anayezunguka miji na huja kwetu kwa nadra. Ukimkosa umemkosa, ungojee mpaka azunguke tena, na hayo macho hayakuwa na muda wa kungoja mtu azunguke.

Bi Mkubwa akakubali, kwa shingo upande. "Lakini nikisikia mashine imelala na huyu hajui la kufanya, naondoka hapo hapo," alisema. Tunamjua. Hakuwa anatania.

Kuanzia hapo tulibadilisha mtindo. Yeye anafumba macho, mimi nasoma kwa sauti. "Nimebisha kumi na sita." "Umekuta nini?" "Anwani." "Ifuate." Nikikosea ananiachia nikosee mpaka nigonge ukuta, kisha anauliza, "Umefika wapi huko?" na mimi narudi mwenyewe nikisonya. Nikibishana naye, ananibishia. Tulifokeana kuhusu foleni ya kazi mpaka Redio akaleta maji. Jamani, raha ilioje! Nilianza kuiona mashine ilivyo ndani, jinsi inavyompa kila mmoja zamu kidogo, inamnyang'anya, inampa mwingine, na hakuna anayejua kwamba alisimamishwa. Nilikuwa naota jedwali kuu. Mke wangu anasema nilikuwa nayataja majina ya mabinti usingizini na nilikuwa karibu kupigwa.

Siku ya upasuaji ikafika, ikaangukia asubuhi ya kuchapa ankara. Mke wangu alimpeleka mama yake hospitali, mimi nikashuka chumba cha mashine. Uchapishaji ulianza vizuri, printa zinalia, Redio anapiga mluzi. Kisha zikanyamaza. Zote. Nikatazama skrini yangu: hakuna kosa lililoandikwa, hakuna swali, lakini hakuna kinachokwenda. Uchapishaji ulikuwa umelishika faili la wateja, na kila kazi nyingine imepanga foleni nyuma yake ikilingoja.

Nilikuwa sijakaa hata vizuri, simu ikalia. Redio, mtu mwema lakini mdomo hauna kufuli, alikuwa amekwishampigia Bi Mkubwa.

"Nimevua gauni la hospitali," alisema bila salamu. Nyuma yake nilimsikia mke wangu akisema mama, mama, tafadhali mama. "Wamenificha viatu lakini nitavipata. Nakuja."

"Usije, mama. Nakuomba. Daktari yupo?"

"Yupo, ananawa mikono. Atanawa siku nyingine. Faili limeshikwa na nani?"

"Uchapishaji."

"Basi uue. Siku zote ni uchapishaji. Uue, uanze upya, na mimi niko njiani."

Vidole vyangu vilikuwa tayari kwenye kibodi. Ningeweza kuandika amri ile nikamaliza, na yeye ndiye aliyesema. Lakini uchapishaji haukuwa umekufa. Mfu simjui? Nimewasoma wafu tele mezani pale. Huu ulikuwa hai, umekaa, unangoja kitu. Nikiuua katikati, faili litabaki wazi limekatika, na nusu ya mji itapata ankara mara mbili.

"Hapana, mama," nilisema.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana. Siuui. Umekosea."

Nilimsikia mke wangu akivuta pumzi hata kwenye simu. Mimi nikaweka simu mezani, sauti wazi, nikafungua kumbukumbu ya mashine kwenye skrini, nikaanza kutembea huku nikisema kila ninachokiona. Kumi na sita. Jedwali kuu. Orodha. Uchapishaji huu hapa, kazi mama, anangoja binti amalize. Nani binti? Huyu. Naye anangoja nini? Nikaifuata anwani. Anangoja jibu. Ameuliza swali na hajajibiwa.

"Skrini yako haina swali," sauti ya Bi Mkubwa ilisema, chini kabisa.

"Haina. Ameuliza skrini nyingine."

Namba ya skrini ilikuwa pale pale kwenye kumbukumbu. Ilikuwa ya skrini ya pili, iliyokuwa ikikaa kwenye kona. Nikageuka: kona tupu, ukuta mweupe unang'aa. Mafundi rangi! Walikuwa wamepaka juzi, na skrini wameisukuma nyuma ya makabati uso kwa ukuta, imefunikwa na gazeti. Nikakimbia nikalitupa lile gazeti huko, nikaigeuza skrini. Swali lilikuwa linawakawaka: karatasi mpya imewekwa, niendelee? Maskini, ilikuwa inatuuliza kwa adabu tu na hakuna aliyekuwa anaitazama. Nikaandika ndiyo.

Printa zote zikaanza kulia kwa pamoja, na Redio akapiga kelele kama timu yake imefunga.

Nikarudi kwenye simu natweta. "Lilikuwa swali la karatasi, mama. Nimejibu."

"Hukuniuliza kwanza."

"Sikukuuliza."

Nilijua printa zangu zinamfikia kule, mlio ule ule alioujua maisha yake yote. Kisha nikamsikia anaongea, lakini si na mimi. "Mwanangu," alimwambia mke wangu, "hilo gauni liko wapi? Kamwambie daktari asikaushe mikono."

Simu ikapapaswa, ikagongana na kitu, nikabaki naisikiliza korido ya hospitali, viatu vinapita, mlango unafungwa. Ikachukua muda. Kisha mke wangu akarudi, na sauti yake ilikuwa imelowa.

"Ameingia," alisema. "Umemwambia nini mama yangu? Ameingia anacheka, mpaka nesi kamwomba atulie."

Nikaketi sakafuni pale pale katikati ya kelele, mwanamume mzima na sweta langu, nikalia kwa sauti na sikuona haya. Redio akaja mbio akidhani kimeharibika kitu kingine.

"Nini tena, Kiberiti? Nini?"

"Ataona," nilimwambia. "Mama ataona."